Biopsi mbili, majibu mawili: kwani labu haiwezi kujua kama ni ukurutu ama ni limfoma ya ngozi?

Binti_wa_Umoja2

Habarini wakubwa kwa wadogo. Hii kitu nimeandika mara tatu nikafuta, leo wacha niitume tu vile iko.

Ni mzee wangu. Ako na miaka 61, alikuwa makanika pale Kariobangi mpaka magoti yakakataa kuinama chini ya gari. Tangu 2017 ako na mabaka kwa mapaja, makalio na kiunoni pale mshipi hupita. Si vipele, ni mabaka bapa, mengine ya kahawia mengine yanaelekea zambarau, na yana magamba membamba hivi ukigusa ngozi ni kama karatasi ya sigara iliyokunjwakunjwa. Usiku yanawasha. Miaka yote hiyo tumeambiwa ni choa, mara ni aleji ya oili ya magari, mara ni ukurutu. Amepakwa kila tyubu unayoijua. Kuna moja alikuwa anajinunulia mtaani bila kuandikiwa na mtu, ile ya klobetasoli, akipaka wiki mbili mabaka yanafifia tunafurahi, akiacha yanarudi palepale. Na nikisema palepale simaanishi jirani, ungechora na biro ungekuta mstari ni uleule.

Mwaka jana daktari wa ngozi akasema tukate kanyama kapelekwe labu. Ripoti ya kwanza ikaja inasema ni inflamesheni sugu, ukurutu, basi. Miezi minane baadaye mabaka yameongezeka, tukaenda kwingine wakakata tena, hiyo ripoti ya pili ndiyo imeninyima usingizi. Inasema, kwa ufupi, kuna limfosaiti zisizo za kawaida zinazopanda tabaka la juu la ngozi, na kwamba "maikosisi fangoidesi ya mapema haiwezi kuondolewa kwenye orodha ya yanayoshukiwa, ilinganishwe na hali ya mgonjwa, vipimo zaidi vinapendekezwa." Nikashuka na hiyo karatasi kwa kemisti ya mtaani kuuliza hii ni nini, yule kijana akaona tu hilo neno fangoidesi akanifungia dawa za fangasi za mwezi mzima. Na nikalipa jameni.

Baadaye ndio nikasoma ni limfoma ya ngozi, aina ya saratani. Sasa maswali yangu ni haya, nani kati ya hizi labu mbili alikosea, na kwa nini mtu mwenye maikroskopu hawezi kusema tu ndio ama hapana? Pesa ya "vipimo zaidi" si kidogo na mzee mwenyewe amekataa kukatwa tena, anasema yeye si mbuzi wa sikukuu kila mtu anapita anadai kipande.

Mizizi_na_Majani

Pole sana dada. Hiyo ni damu chafu, labu hawawezi kuiona. Niko na mchanganyiko wa mwarobaini na mshubiri, siku 21 mabaka kwisha kabisa, njoo inboksi.

Jiko_la_Nta

@Mizizi_na_Majani toa biashara hapa, tafadhali. Mtu analia wewe unafungua duka.

Dada Binti, mimi nimefanya histolojia miaka 14, si daktari, mimi ndio yule wa nyuma ya mlango anayepokea hizo vichupa. Wacha nikupeleke pole pole kwa sababu ukiona njia kanyama kanapita utaelewa kwa nini ripoti inaongea kwa kujizungusha.

Kwanza hilo jina. Halina uhusiano na fangasi hata kidogo. Ni daktari Mfaransa, Alibert, 1806 aliona mgonjwa ana uvimbe kwa ngozi umekaa kama uyoga, jina likatoka hapo na halijawahi kutoka. Huyo kijana wa kemisti si wa kwanza. Ugonjwa wenyewe ni limfosaiti, zile askari za damu za aina ya T, zimeharibika na kuamua kuishi ngozini. Limfoma zinazoanzia ngozini ni ugonjwa adimu, na hii ndiyo karibu nusu yake.

Sasa kanyama. Daktari anatoboa kwa kile kisu cha mviringo, mara nyingi milimita 4, unapata kitu kama ncha ya penseli. Kinaingia fomalini, yetu ni asilimia 10 iliyosawazishwa isiwe asidi, na fomalini iwe nyingi kuzidi nyama angalau mara kumi. Baadaye kinatolewa maji, kinalowekwa nta ya moto, kinagandishwa kwa kibloku. Halafu mimi nakaa kwa mashine ya kukata na napunguza vipande vya maikroni 3 au 4. Unywele wa mtu ni kama 70. Kile kipande nakielea kwa maji ya vuguvugu, nakikunjua kwa brashi kama nguo ya mtoto, nakivua na kioo. Rangi mbili, hematoksilini inafanya kiini cha seli kiwe bluu-zambarau, eosini inapaka kila kitu kingine waridi. Hapo ndio mwanapatholojia anakaa.

Na anaona nini? Ukurutu chini ya maikroskopu ni limfosaiti zimejaa chini ya ngozi, zingine zimepanda juu, na tabaka la juu limelowa, seli zimeachana kama sponji ya kuoshea vyombo. Maikosisi fangoidesi ya mapema nayo ni limfosaiti zimejaa chini, zingine zimepanda juu, ila huku ngozi haijalowa sana. Zinapanda bila sababu. Zinajipanga kwa mstari wa chini wa lile tabaka kama watu wa foleni ya basi asubuhi, kila moja na kauwazi keupe kamemzunguka. Ukikuta zimekusanyika vikundi ndani ya tabaka la juu, zile huitwa vijipu vya Pautrier, hapo moyo unaruka, lakini kwa ugonjwa wa mapema mara nyingi hukuti. Umeona vile tofauti ni ya nywele? Hata wanapatholojia wawili wazoefu, slaidi moja, wanaweza kuandika ripoti mbili, na hakuna mjinga kati yao.

Kwa hivyo swali lako la nani alikosea, inawezekana hakuna. Miezi minane kwa huu ugonjwa slaidi inaweza kubadilika. Lakini nina maswali mawili na nataka ujibu kwa ukweli. Moja, ile biopsi ya kwanza mzee alikuwa ameacha kupaka hiyo klobetasoli kwa muda gani? Mbili, fomu iliyoenda na kichupa iliandikwa nini?

Konkodi_Mstaafu

Mimi naona hizi labu zinatafuta tu pesa. Kila ripoti "vipimo zaidi vinapendekezwa". Ukienda hospitali na mafua unatoka na deni.

Binti_wa_Umoja2

@Jiko_la_Nta nimeenda kumuuliza mzee sasa hivi. Alipaka asubuhi ileile ya kukatwa!! Anasema alitaka mabaka "yakae vizuri mbele ya daktari". Yaani kama mtu anaosha gari kabla ya kuipeleka garejini. Na alikuwa amepaka mwezi mzima kabla.

Fomu niko na nakala. Pale pa maelezo ya mgonjwa imeandikwa neno moja: upele.

Jiko_la_Nta

Haya, kesi imefunguka nusu.

Steroidi ya nguvu kama hiyo inafukuza limfosaiti kutoka ngozini. Inafukuza za ukurutu na inafukuza za limfoma vilevile, ndio maana yalikuwa yanafifia. Ukikata ngozi iliyopakwa asubuhi unakata uwanja ambao wachezaji wameshaondoka, unabaki kuhesabu nyayo. Kawaida madaktari huomba mgonjwa aache kupaka kati ya wiki 2 na 4 kabla ya kukatwa, lakini hiyo aamue daktari wake, asiache tu kienyeji kwa sababu mimi nimesema hapa. Na hii Nairobi shida ni kubwa kuliko mzee wako, kuna mafuta ya kung'arisha ngozi yana steroidi ndani na kopo halisemi, mtu anakuapia hapaki dawa yoyote na kweli anaamini hapaki.

Na fomu ya neno moja! Hiyo ndiyo hunichoma roho. Mwanapatholojia hamwoni mgonjwa. Hajui ni miaka saba, hajui ni makalio na mapaja, mahali jua halifiki, na hiyo peke yake ni fununu kubwa kwa MF, yaani hiyo maikosisi fangoidesi. Hajui yanarudi palepale. Amepewa kanyama ka milimita 4 na neno "upele". Ukiandika "mabaka ya miaka saba sehemu zinazofunikwa na nguo, hayasikii dawa, MF inashukiwa", ataomba nikate slaidi zingine kutoka ndani zaidi ya bloku, ataziangalia akitafuta hicho kitu.

@Konkodi_Mstaafu mkubwa, siwezi kukataa kwamba kuna mahali watu hutozwa bure. Mahali nilifanya zamani, sitapataja, sampuli ya ngozi ililetwa Ijumaa jioni imo ndani ya maji ya chumvi badala ya fomalini, ikalala hivyo hadi Jumatatu. Tulipokata ilikuwa uji. Mgonjwa akaambiwa arudi alipe tena na hakuambiwa kwa nini. Kwa hivyo hasira yako naielewa. Lakini hapa kwa huyu mzee hao waliosema vipimo zaidi ndio waliofanya kazi yao. Afadhali mtu akwambie "siwezi kuondoa" kuliko akuandikie saratani kwa kubahatisha, ama akuandikie ukurutu alale.

Kloni_Moja

Nimeitwa na kichwa cha habari. Nasomea uzamili, nakaa labu ya molekuli, haya mambo ya limfosaiti T ndiyo chakula changu. Wacha niongezee kuhusu hivyo vipimo zaidi kwa sababu watu huambiwa tu majina.

Cha kwanza huwa ni kupaka antibodi kwa vipande vilevile vya bloku, haihitaji kukatwa upya kama nyama bado iko. Zinashika protini za juu ya seli na kutoa rangi ya kahawia. CD3 inakuambia hizi ni T. CD4 na CD8 zinakuambia ni za kikosi gani, MF ya kawaida huwa imejaa CD4. Halafu unaangalia zile protini ambazo T ya kawaida hubeba, CD2, CD5, CD7, kama zimepotea. T iliyoharibika hupenda kutupa CD7 kwanza. Shida, na hapa ndipo watu hukwama, hata inflamesheni ya kawaida inaweza kupoteza CD7. Kwa hivyo kupotea kwake ni fununu, si hukumu. Halafu CD30 huwekwa kwa sababu kuna limfoma nyingine za T za ngozi zinazoibeba.

Cha pili ndicho changu. Kila seli T ikizaliwa hupangua na kupanga upya jeni za kipokezi chake, inatoka na mpangilio wake peke yake. Ichukulie kama namba ya gari. Sasa ukikuta msongamano pale Globe saa kumi na moja jioni, ukisoma namba utakuta kila aina, za zamani, za juzi, za wizi labda. Huo ndio ukurutu, seli zimeitwa kutoka kila mahali kuja kupigana. Lakini ukikuta msongamano ambapo gari baada ya gari lina namba moja ileile, hapo ujue kuna mtu anatoa kopi. Hiyo ni kloni. Tunachukua DNA kutoka kwa bloku, tunakuza kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kile kipande cha jeni la kipokezi, hasa la gama, tunakipima urefu kwenye mashine. Ukurutu unakupa mchoro kama kilima, vijiti vingi vinapanda na kushuka taratibu. Kloni inakupa kijiti kimoja kimesimama kama KICC zamani kabla majengo hayajaizunguka.

Ungedhani kesi imekwisha, eh? Haijaisha. Laikeni planasi, ambayo si saratani, wakati mwingine inatoa kloni. Na MF ya mapema mara nyingi seli mbovu ni chache kati ya nzuri nyingi, kijiti hakionekani, jibu linakuja hasi na ugonjwa upo. Na kuna ile imenichezea mwenyewe mwaka wa kwanza. Kama limfosaiti kwenye kanyama ni chache sana, ni kama kwenda Globe saa tisa usiku, magari matatu tu yanapita, mawili ya mtu mmoja, ukapiga mayowe kwamba barabara yote imekamatwa. Kloni ya uongo hiyo. Nilimwita msimamizi wangu nikiwa nimefurahi, akaniangalia tu akasema rudia. Nikarudia kutoka DNA ileile, kijiti kikatokea mahali pengine kabisa. Tangu hapo kila sampuli naifanya mara mbili.

Kitu kinachosaidia zaidi ni kukata sehemu mbili tofauti za mwili. Kama baka la paja na baka la kiuno, hazijaonana, zina namba ileile ya gari, hapo unasimama ukisikiliza. Kwa hivyo mzee akikubali mbuzi achinjwe mara ya mwisho, muombeni daktari sehemu mbili siku moja.

Na hili la "palepale" la mzee limenifurahisha, kwa sababu kuna utafiti wake. 2010 watafiti wa Boston walionyesha kwamba seli za MF zinafanana na zile T za kumbukumbu zinazohamia ngozini na kukaa, hazirudi kuzunguka kwa damu. Zina shamba lao. Huku ile ndugu yake kali zaidi, ugonjwa wa Sézary, ambapo ngozi yote huwa nyekundu na seli zimejaa kwenye damu, zinafanana na T za aina ya kuzungukazunguka. Ndio maana baka la mzee lina mpaka kama wa shamba la urithi. Cha ajabu ni kwamba soriasisi nayo hurudi palepale kwa sababu ya wakaazi wa aina hiyohiyo, na soriasisi si saratani. Mpaka kati ya inflamesheni na limfoma si ukuta, ni ua wa michongoma. Kuna sindano za ukurutu mkali zilizoidhinishwa Marekani 2017, baadaye ripoti zikaanza kutoka za watu waliodungwa wakazidi kuwa vibaya, wakakatwa tena, ikapatikana ni limfoma. Swali ambalo bado linapiganiwa ni kama dawa ilifunua kitu kilichokuwepo tangu mwanzo au la.

Jiko_la_Nta

@Kloni_Moja umeongea vizuri ila ongeza moja. DNA yako inatoka kwa nyama yangu. Nyama ikikaa fomalini wiki mbili kwa sababu mwendesha boda alichelewa na mtu wa mapokezi alikuwa likizo, DNA imekatikakatika, unapata vumbi. Mtu asikulaumu.

Kloni_Moja

Haha kweli kabisa. Nusu ya majibu ya "haikusomeka" si ya mashine, ni ya safari.

Mabaka_Mwaka_wa_9

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 54, asili yangu Mombasa, naishi South B. Nina huo ugonjwa, na huu ni mwaka wa tisa tangu doa la kwanza, wa tano tangu lipewe jina. Nakuandikia wewe Binti kwa sababu naona unaogopa lile neno.

Mwanangu, mimi nilikatwa mara tatu ndani ya miaka minne. Ya kwanza ukurutu, ya pili haieleweki, ya tatu ndiyo. Nilipoambiwa limfoma nilienda nyumbani nikaanza kugawa leso zangu kwa wanangu, hii ya Zuhura, hii ya mdogo wake. Daktari wangu alicheka aliposikia. Akanitandaza kiganja changu, kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya ngozi yako, akaanza kuhesabu mabaka nayo, hapa kimoja, hapa nusu. Nikatoka viganja sita. Akaniambia chini ya kumi na mabaka ni bapa, hakuna tezi zilizovimba, hiyo ni hatua ya kwanza kabisa, na watu wengi wa hatua hiyo wanaishi umri wao kama wengine. Leso nikazirudisha, Zuhura mpaka leo ananidai.

Tiba yangu ni taa. Unaingia kwenye kabati lina mirija ya mwanga pande zote, miwani myeusi machoni, nguo zimevuliwa isipokuwa pale wanapokwambia ufunike. Siku ya kwanza unakaa sekunde tu, hata hujajipanga vizuri inazimika, kisha wanaongeza kidogo kidogo. Mara tatu kwa wiki, miezi. Nauli ndiyo iliyoniumiza kuliko ugonjwa, nasema kweli. Mabaka yalizima yakaacha kivuli tu. Mawili yamerudi mwaka huu, nimerudi kwenye taa.

Mwambie baba, mbuzi wa sikukuu huchinjwa mara moja. Yeye anakatwa punje, na anapata chai baada ya hapo. Mimi jeraha langu la tatu lilishonwa uzi mmoja.

Swali_la_Pembeni

Naingilia kidogo samahanini. Mtoto wangu wa miaka 13 ako na madoa meupe kwa mgongo na mapaja, miaka miwili, hayawashi. Inaweza kuwa hii?

Jiko_la_Nta

Usishtuke kwanza. Madoa meupe ya mtoto mara nyingi sana ni vitu vingine, fangasi wa juujuu, ukavu, alama za ukurutu uliopona, mbalanga. Kitu cha haraka kuangalia ni kama doa limekufa ganzi, haliskii kuguswa na pamba, hapo ni kufikiria ukoma na uende mapema maana unatibika. Lakini kwa uaminifu niseme, kuna MF ya madoa meupe, na inaonekana zaidi kwa watu wa ngozi nyeusi na kwa wadogo kwa umri, seli zake mara nyingi ni CD8 badala ya CD4. Madoa ya miaka miwili yasiyosikia dawa yanastahili daktari wa ngozi, si kemisti. Na ukikatiwa, fomu isiandikwe "madoa". Tafadhali.

Na kwa wote, vitabu vingi vinasema baka ni "jekundu". Kwa ngozi yetu hiyo rangi haitoki hivyo, inatoka zambarau, kahawia iliyokolea, kijivu. Mtu akitafuta wekundu kwa mzee wa Binti atatafuta hadi jioni.

Kloni_Moja

Kuna mtu ameniuliza inboksi kama huu ugonjwa unaambukizwa. MF hapana. Mchanganyiko unatokana na historia, 1980 labu ya Robert Gallo kule Marekani ilichapisha virusi vya HTLV-1, na seli walizozipata navyo zilitoka kwa mgonjwa aliyeandikiwa limfoma ya T ya ngozi. Watu wakadhani wamekamata chanzo. Baadaye ikaeleweka HTLV-1 inaleta limfoma nyingine ya T ya watu wazima ambayo nayo hupenda kutokea ngozini, Wajapani walikuwa wameshaielezea miaka ya 70. Kwa hivyo daktari akiomba kipimo cha HTLV-1 anatenganisha tu hizo mbili.

Kinachonivutia mimi siku hizi ni bakteria. Ngozi ya hawa wagonjwa ikipasuka hukaliwa na stafilokokasi aureasi, na sumu zake zinaonekana kuzichochea seli mbovu. Watafiti wa Denmark 2019 waliwapa antibiotiki kali wagonjwa wachache wa hatua za juu, ngozi ikatulia kwa miezi na seli mbovu zikapungua. Wachache sana, msikimbilie kununua antibiotiki River Road. Lakini mjue kujikuna hadi kutoa damu si jambo dogo.

Binti_wa_Umoja2

Nimerudi, wiki mbili zimepita, niwape habari.

Nilienda kuomba bloku za mzee labu zote mbili. Ya kwanza waliniambia nirudi na barua ya daktari, nikarudi na barua, wakaniambia anayeshika funguo ametoka chakula, nikakaa kwa benchi saa mbili. Ya pili walinipa dakika kumi. Nilidhani ni kitu kikubwa. Kumbe ni kijibati cha plastiki kinaingia kwa mfuko wa shati, juu kuna nta nyeupe kama kipande cha mshumaa, namba imeandikwa kwa penseli, na katikati kuna kadoa ka kahawia kadogo kuliko punje ya ndengu. Huyo ndiye baba yangu wa 2024. Nilikaa nikikaangalia ndani ya matatu mpaka konda akaniuliza kama ni dawa.

Daktari amepeleka zote mbili kwa mwanapatholojia mmoja aziangalie pamoja, na fomu safari hii nimesimama hapo akiandika, mistari saba. Antibodi zitapakwa kwa ile ya pili, ya kwanza anasema nyama imebaki kidogo.

Mzee amekubali kukatwa. Si mimi niliyemshawishi, nilimsomea tu hiyo ya namba za gari. Akanyamaza, halafu akasema kumbe hawa watu wanafanya kama sisi, gari likiletwa na injini ya wizi huwezi kujua kwa rangi, unafungua boneti unasoma namba. Akauliza mara mbili kama watasoma paja na kiuno kwa pamoja. @Kloni_Moja ujue una shabiki Umoja.

Siku ya kukatwa ni baada ya wiki mbili zingine, daktari anataka zitimie wiki nne bila krimu. @Mabaka_Mwaka_wa_9 mama nimempima na kiganja chake, vimetoka vinane na robo, ile robo tumebishana. Sasa hivi mabaka yamewaka, usiku namsikia akijikuna kupitia ukuta. Tyubu nimeifungia kwa sanduku lake la spana, ufunguo niko nao mimi.